Aliyeulizwa Habari za Kesho

Miaka ya mwanzo ya 1980, jijini Toronto nchini Kanada, profesa mmoja wa saikolojia alikaa na mwanamume wa miaka thelathini na ushei akamuuliza swali ambalo mtoto wa chekechea hulijibu papo hapo: kesho utafanya nini? Mwanamume yule akanyamaza. Zikapita sekunde 15. Akatabasamu kidogo, kisha akasema hajui. Profesa akataka kuhakikisha kwamba swali halijampotea njiani, akamuuliza kama bado analikumbuka. Alilikumbuka vizuri: ameulizwa atakachofanya kesho. Basi akili yake inakuwaje anapojaribu kuifikiria hiyo kesho? Kimya tena, sekunde tano hivi. Akasema anadhani pako patupu.

Profesa huyo ni Endel Tulving, mzaliwa wa Estonia aliyehamia Kanada baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mgonjwa, ambaye kwenye makala za kitaalamu alifichwa kwa herufi N.N. na baadaye K.C., ni Kent Cochrane. Nimeyasoma mazungumzo yao mara nyingi, na kila mara zinazonishika ni zile sekunde 15. Mtu ana akili timamu, ana adabu, swali amelielewa, anatafuta jibu kwa bidii, na huko anakotafuta hakuna kitu. Wataalamu walikuwa wamezoea kuiona kumbukumbu kama ghala la mambo yaliyokwisha pita. Kimya cha Kent kiliwafanya waanze kuuliza kama jina linaloifaa zaidi ni akiba, kwa maana akiba huwekwa kwa ajili ya siku zijazo.

Ila kisa chake hakieleweki bila cha mwenzake wa Marekani, aliyemtangulia kwa karibu miaka thelathini.

Henry Molaison alizaliwa mwaka 1926 huko Manchester, jimbo la Connecticut. Kifafa kilimwanza angali mtoto, na siku alipotimiza miaka 15 kikamwangusha kwa mara ya kwanza kwa nguvu zake zote, akiwa ndani ya gari pamoja na wazazi wake. Dawa za enzi zile hazikumsaidia vya kutosha. Alipofika miaka 27 hata kazi ilikuwa imemshinda, na familia ikakubali upasuaji ambao daktari mwenyewe, William Scoville wa Hartford, alikiri kuwa ni wa kujaribu tu. Agosti 1953 Scoville alitoboa matundu mawili kwenye fuvu juu ya macho ya Henry, akapenyeza vifaa vyake mpaka ndani, akanyonya sehemu ya ubongo wa kila upande, na humo akaondoa sehemu kubwa ya hipokampasi. Hipokampasi ni mikunjo miwili midogo iliyojificha ndani ya ubongo usawa wa masikio, mmoja kulia na mwingine kushoto. Walioipa jina waliiona inafanana na yule samaki mdogo mwenye kichwa cha farasi. Wakati ule hapakuwa na aliyejua kwa hakika kazi yake.

Kifafa kilipungua sana. Lakini Henry hakuweza tena kuipata njia ya msalani pale hospitalini, wala hakuwatambua wauguzi waliokuwa wakimhudumia kila siku. Walioingia chumbani walikuwa wageni, na walipotoka wakarudi, walikuwa wageni tena.

Brenda Milner, mwanasaikolojia Mwingereza aliyefanya kazi Montreal, alipanda treni ya usiku kwenda kumwona. Siku moja alimpa namba, 584, akamwomba aishike, akamwacha peke yake chumbani. Baada ya robo saa akamkuta bado anayo. Amewezaje? Henry akamweleza kwa furaha: unashika 8 tu, namba zote tatu ukijumlisha unapata 17, ukitoa ile 8 inabaki 9, 9 ukiigawa inakuwa 5 na 4, basi, hiyo hapo. Robo saa nzima alikuwa akiizungusha hesabu hiyo kichwani bila kupumzika, kama mtu aliyebeba maji kwenye viganja. Wakaanza kuzungumza mengine. Dakika moja baadaye namba haikuwepo, wala hakukumbuka kwamba kuna namba yoyote aliyopewa.

Jaribio jingine la Milner lilizaa jambo ambalo halikutarajiwa. Alimwekea karatasi iliyochorwa nyota ya mistari miwili, akamtaka apitishe penseli katikati ya mistari hiyo huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Anayetaka ajaribu nyumbani: kioo kinageuza mambo, mkono unabishana na macho, na penseli inakwama kwenye kila kona. Henry alijaribu siku tatu mfululizo. Makosa yakapungua, na siku ya tatu akaichora nyota ile vizuri sana, akashangaa mwenyewe kuona imekuwa rahisi kuliko alivyotegemea, kwa sababu hakukumbuka kamwe kuwahi kuifanya kazi hiyo. Mkono ulikuwa umejifunza, mwenye mkono hana habari. Kumbe kumbukumbu si kitu kimoja. Kuna aina ambayo haihitaji hipokampasi hata kidogo.

Mwaka 1957 Scoville na Milner walichapisha matokeo yao, na Scoville akawaonya wapasuaji wenzake wasirudie alichokifanya. Henry akaendelea kuchunguzwa kwa zaidi ya miaka hamsini, sehemu kubwa ya muda huo chini ya uangalizi wa Suzanne Corkin. Alipofariki tarehe 2 Desemba 2008, ubongo wake ulipelekwa San Diego ukakatwa vipande vyembamba 2,401, na maelfu ya watu wakatazama kazi hiyo kupitia intaneti. Deni la sayansi kwa mtu huyu ni kubwa mno, na jambo linalonisumbua ni kwamba kila alipoelezwa mchango wake, hakuweza kuubeba mpaka kesho yake.

Maswali karibu yote aliyoulizwa Henry yalihusu yaliyopita. Hata hivyo Corkin aliwahi kumuuliza kesho atafanya nini, naye akajibu kwa upole kwamba atafanya chochote chenye manufaa. Lilikuwa jibu la muungwana. Ukilitazama vizuri, ndani yake hamna mahali, hamna mtu, hamna saa.

Kent Cochrane alizaliwa mwaka 1951 na kukulia pembezoni mwa Toronto, kifungua mimba katika familia ya watoto watano. Alipiga muziki kwenye bendi, alipenda pikipiki, alikuwa na kazi kiwandani. Tarehe 30 Oktoba 1981, akiwa na miaka 30, pikipiki yake iliacha njia kwenye mchepuko wa kutokea barabara kuu. Alifikishwa hospitali hana fahamu, akafanyiwa upasuaji wa kuondoa damu iliyoganda na kuubana ubongo.

Wasomaji wengi wa kwetu wanazijua ajali hizi kuliko wangependa. Ndugu anarudi nyumbani kutoka hospitali, mguu umeunga, anasalimia vizuri, watu wanamshukuru Mungu, pilau linapikwa. Baada ya wiki mbili mkewe anaanza kuona kwamba akitumwa dukani anarudi mikono mitupu, au anasimulia habari ileile mara nne kabla ya chakula cha usiku. Majirani wanasema amekuwa mvivu, wengine wanasema ana kiburi. Mfupa uliovunjika unaonekana kwenye picha na kila mtu anauhurumia. Jeraha la aina hii halina bendeji.

Kent naye aliamka, akapona mwili, akarudi nyumbani kwa wazazi wake huko Mississauga. Hipokampasi zake zote mbili zilikuwa zimeharibika karibu kabisa, na sehemu nyingine za ubongo nazo ziliguswa. Ukizungumza naye kwa nusu saa usingegundua kitu. Alisoma, aliandika, alicheza sataranji na karata, alikuwa na mzaha wa taratibu. Alijua shule alizosoma, alijua gari alilokuwa nalo ni la aina gani na rangi gani, alijua kwamba wazazi wake wana nyumba ya mapumziko huko mashambani. Lakini hakukumbuka siku hata moja aliyokaa kwenye nyumba hiyo, wala safari hata moja kwenye gari hilo. Sataranji aliijua, kuwahi kukaa na mtu akaicheza, hapana.

Tulving alikuwa amelitafutia jambo hili jina tangu mwaka 1972, kabla hajakutana na Kent. Aliandika kwamba tuna kumbukumbu ya maarifa, kama vile jina la mji mkuu wa nchi fulani, na tuna kumbukumbu ya matukio, ambayo ndiyo inayomrudisha mtu kwenye siku aliyoiishi. Sisi tunalielewa kwa urahisi, kwa kuwa vitenzi vyetu viwili vinakaa hapo barabara: kujua na kukumbuka. Najua nilizaliwa wapi, ila sikumbuki. Siku ya kwanza kuachwa darasani na mama, hiyo naikumbuka: harufu ya chaki, sare mpya inayokwaruza shingoni. Kent alikuwa amebakiwa na kujua. Kukumbuka kulikuwa kumeondoka kote, kwa kabla ya ajali na kwa baada yake.

Mwaka 1979, miaka miwili kabla ya ajali, treni iliyobeba kemikali ilianguka Mississauga na watu zaidi ya 200,000 wakahamishwa kutokana na hofu ya gesi ya klorini. Familia ya Kent ilikuwa miongoni mwao. Kent hakukumbuka. Mdogo wake wa kiume alikufa kwa ajali. Kent alijua kwamba amekufa, lakini hakuweza kurudi kwenye siku alipoambiwa, alikuwa wapi, nani alimpa habari, alilia au hakulia. Na baada ya mashambulizi ya Septemba 11 mwaka 2001, kila alipoelezwa yaliyotokea alipatwa na mshtuko wa mtu anayeisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza.

Sasa turudi kwenye swali la kesho, lililochapishwa mwaka 1985. Tulving hakuridhika na neno tupu. Alimtaka Kent aulinganishe utupu wa kesho na ule wa jana, na Kent akasema ni wa namna moja. Akatafuta mifano mwenyewe. Ni kama kuwa kwenye chumba kisicho na kitu, halafu mtu anakwambia utafute kiti, na kiti hakipo. Ni kama kuogelea katikati ya ziwa ambapo hakuna chochote cha kukushikilia. Sijui mshairi ambaye angeusema utupu huo vizuri zaidi, na aliyeusema ni mtu aliyedhaniwa hawezi kuwazia lolote.

Kiswahili kinaziita siku za mbele kwa majina yake: kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo. Kent naye alijua kalenda, alijua kwamba baada ya Jumanne ni Jumatano, alijua kwamba siku moja atakufa. Kilichomshinda ni kujiweka mwenyewe ndani ya hiyo Jumatano, kujiona amekaa mezani, dirisha likiwa upande gani, chai ikiwa ya moto au imepoa. Kesho ya kalenda alikuwa nayo. Kesho yake mwenyewe hakuwa nayo.

Kwa zaidi ya miaka ishirini, hoja kwamba kumbukumbu ndiyo inayoijenga kesho haikuchukuliwa kwa uzito mkubwa. Kisa kimoja ni kisa kimoja, na ubongo wa Kent ulikuwa umeumia mahali pengi mno. Ndipo mwaka 2007, katika chuo cha University College London, kijana aliyewahi kutengeneza michezo ya kompyuta, Demis Hassabis, akishirikiana na Eleanor Maguire na wenzao, alipowakusanya wagonjwa watano walioharibika hipokampasi na kuwapa kazi inayosikika kama mchezo. Jiwazie umelala kwenye ufuko wa mchanga mweupe, nchi ya joto, niambie unachokiona. Muulize hivyo mtu wa Paje au Diani, atakujaza ngalawa, mwani, watoto, muuza madafu, mpaka wewe mwenyewe uchoke. Mgonjwa mmoja wa London aliona anga tu. Alisikia sauti za ndege wa baharini, alihisi chembe za mchanga vidoleni, akasikia honi ya meli. Vipande hivyo havikukaa pamoja vikawa mahali. Wanne kati ya wale watano walishindwa kwa namna hiyo. Hassabis baadaye akageukia akili bandia, na mwaka 2024 akawa mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya Kemia, lakini kwangu mimi makala ile ya mwaka 2007 ndiyo kazi yake inayogusa zaidi.

Mwaka huohuo Donna Rose Addis na Daniel Schacter wa Harvard walionyesha, kwa picha za ubongo wa watu wazima wenye afya, kwamba anayekumbuka tukio lake la zamani na anayewazia tukio lake la baadaye wanatumia sehemu za ubongo zinazofanana sana. Schacter aliona humo maelezo ya kasoro inayotuudhi sote. Kumbukumbu haihifadhiwi kama filamu. Kila tunapokumbuka tunajenga upya kwa vipande, ndiyo maana ndugu wawili husimulia msiba mmoja kwa namna mbili na wote wakaapa. Gharama hiyo ina faida yake: vipande vinavyoweza kupangwa upya vinaweza pia kujenga jambo ambalo bado halijatokea. Kesho inajengwa kwa mbao za jana. Kent hakuwa na mbao, na aliyekuwa akiziunga hakuwepo.

Hapo likaja swali la maamuzi, na hapa ndipo wengi tungekosea. Mtu asiyeiona kesho ataamuaje? Inaingia akilini kwamba atakuwa mtu wa sasa hivi, atakayekula mbegu badala ya kuipanda. Wapo waliomwandika Kent kama mfungwa wa wakati uliopo. Mimi mwenyewe niliposoma habari zake mara ya kwanza nilidhani hivyo, na sikuona haja ya kuhoji.

Kabla ya kumfikia, tumtazame mtu mwingine ambaye kasoro yake ilikuwa kinyume. Mwaka uleule wa 1985, Paul Eslinger na Antonio Damasio wa Iowa, Marekani, walieleza kisa cha mhasibu waliyemwita E.V.R., aliyeondolewa uvimbe kwenye ubongo wa mbele, juu ya macho, akiwa na miaka 35. Kumbukumbu yake ilibaki nzuri na akili yake ilipimwa ikawa juu ya wastani. Ukimpa tatizo la maadili analichambua vizuri, na matokeo ya kila njia anayaona. Hata hivyo biashara aliyoingia ilifilisika, ndoa yake ilivunjika, kazi hazikukaa mkononi. Kuamua mahali pa kula chakula cha jioni kulimchukua saa kadhaa: mpangilio wa viti, orodha ya vyakula, hali ya mahali, mara nyingine aliendesha gari kwenda kuona kama kuna watu wengi, na bado asiamue. Damasio alipendekeza kwamba kilichopotea ni ule mguso wa moyoni unaotuambia hili zuri, hili baya, kabla hatujamaliza hesabu. E.V.R. aliiona kesho, na hakujua aipe uzito gani.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, Shayna Rosenbaum wa Chuo Kikuu cha York mjini Toronto na wenzake, akiwemo mwanafalsafa Carl Craver, walimpa Kent mtihani wa fedha wa kufikirika. Utachukua kiasi kidogo leo, au kikubwa baada ya muda fulani? Swali linarudiwa mara nyingi, kiasi kinabadilishwa, muda unarefushwa, mpaka ionekane mtu anaithamini vipi siku ya mbali. Kent aliithamini ndani ya kiwango cha watu wenye ubongo mzima. Fedha za mbali zilipungua thamani kwake, kama zinavyopungua kwetu, wala si kwa kasi ya mtu asiye na kesho. Mwaka 2014 Craver na Rosenbaum waliandika wazi kwamba watu kama yeye hawajakwama kwenye sasa: wanaelewa wakati, wanayapanga matukio kwa mfuatano, wanajua majuto ni nini, wanachagua kwa busara. Miaka saba kabla ya hapo Rosenbaum na wenzake wengine walishaonyesha pia kwamba Kent anaweza kukisia mawazo na hisia za mwenzake vizuri tu, ingawa hana ya kwake ya jana ya kulinganisha.

Kumbe kujua, kule kujua kulikobaki, kulikuwa kunafanya kazi kubwa kuliko alivyokadiria mtu yeyote. Ili kuchagua kusubiri, Kent hakuhitaji kujiona siku ile ya malipo. Ilitosha kujua kwamba siku hiyo ipo na kwamba kikubwa kinazidi kidogo. Wengi wetu huenda tunafanya hivyo kila siku bila kujua, kwa maana nani hujichorea picha ya uzeeni mwake kila anapotuma fedha kwenye kikoba?

Kent aliwahi kufanya kazi ya kupanga vitabu kwenye maktaba, kwa mfumo wa namba aliojifunza baada ya ajali bila kukumbuka somo hata moja. Alifariki tarehe 27 Machi 2014, akiwa na miaka 62. Tulving alimfuata Septemba 2023, akiwa na miaka 96. Kwenye mtihani ule wa fedha hakukuwa na dirisha la kuwazia, wala meza, wala chai. Kulikuwa na namba mbili na muda katikati yake, na zile za baadaye zilipokuwa nyingi vya kutosha, Kent alisema atasubiri.